Myahudi akizunguka dini za watu halafu akarudi kwao, anakuwa amerudi wapi hasa?

Kwetu huku tumezoea kwamba dini ni kitu mtu anaingia na kutoka. Umebatizwa, basi wewe Mkristo, umetoa shahada, wewe Muislamu, ukiacha umeacha na watu watasema fulani ameritadi, na siku ukitaka kurudi unaanzia mlangoni na toba yako. Ndo maana stori za Wayahudi wanaorudi kwenye dini yao baada ya kuzunguka miaka kwa Mabudha, kwa Wahindu, kwa masufi au kanisani huwa zinatuchanganya sana, kwa sababu ukimsikiliza mmoja wao vizuri unakuta mwenyewe hana uhakika kama aliwahi kutoka. Rabi atakwambia hakutoka hata siku moja. Mahakama ya Israel inaweza kukwambia alitoka. Na mama yake ana jibu lake la tatu.

Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, sawa, ila hapa swali ni hiyo ngama yenyewe iko wapi. Watu wanachukua mambo ya damu, ya sheria, ya serikali na ya moyo wanayachanganya wakidhani ni kitu kimoja, wakati kila moja lina njia yake na kila moja lina mlango wake wa kurudia.

Kwanza kwa nini walitoka, maana bila hilo huwezi kuelewa kurudi. Hii kitu ni ya zamani kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1893 kule Chicago, baada ya lile kongamano kubwa la dini za dunia, mtu wa kwanza kuupokea Ubudha kwa sherehe ndani ya ardhi ya Marekani, ukiacha wahamiaji wa Asia wenyewe, alikuwa Charles Strauss, mfanyabiashara wa New York, Myahudi. Halafu miaka ya 1960 na 1970 likaja wimbi lenyewe. Richard Alpert, mtoto wa familia ya Kiyahudi ya Boston aliyekuwa anafundisha saikolojia Harvard, alienda India 1967 akarudi anaitwa Ram Dass. Kituo maarufu cha kutafakari cha Barre, Massachusetts, kilianzishwa katikati ya miaka ya 1970 na kina Joseph Goldstein, Sharon Salzberg na Jack Kornfield, na wote hao watatu wamezaliwa Wayahudi. Wayahudi ni kama asilimia 2 tu ya Wamarekani, lakini ukiingia kwenye vituo vya Budha vya enzi zile ulikuwa unawakuta wengi mno, mpaka wakapewa jina lao la utani, Jubu, yaani "Jew" (Myahudi) na Budha kwa pamoja.

Sababu inaumiza ukiifikiria. Ulaya Mashariki ndiko walikokuwa walimu wenye elimu ya ndani, wale mahasidi (sio wenye husuda, ni wafuasi wa tapo la uchamungu la Kiyahudi) waliojua kusali kwa saa nzima macho yamefumbwa, waliojua kunyamaza, waliojua nyimbo zisizo na maneno zinazompandisha mtu kiroho, na hao wengi wao waliuawa na Wanazi kati ya 1939 na 1945 pamoja na familia zao na vitabu vyao. Waliokua Marekani baada ya vita walikuta masinagogi makubwa mazuri yenye viti vya starehe, sala inasomwa kwa Kiebrania ambacho hawaelewi, kijana anafika miaka 13 anafanya bar mitzvah yake na hiyo inakuwa kama graduesheni, hapo ndo basi. Akiuliza habari za Mungu anaambiwa habari za mauaji ya Wayahudi, anaambiwa Israel, anaambiwa aoe Myahudi mwenzake. Yote hayo ni ya maana, sibishi, ila yeye aliuliza kusali kunafanyikaje. Mwalimu wa Zen, lile tawi la Ubudha la kukaa kimya, akampa mto akamwambia kaa hapa, nyoosha mgongo, hesabu pumzi. Alipata jibu la swali lake. Mimi siwezi kumlaumu mtu wa hivyo hata kidogo, alikuwa na kiu na maji aliyapata pale.

Sasa tuje kwenye sheria. Sheria ya Kiyahudi, wenyewe wanaiita halakha, inasema Myahudi ni aliyezaliwa na mama Myahudi au aliyeingia kwa utaratibu kamili mbele ya jopo la watatu. Hapo kwenye kuzaliwa anachoamini hakijaulizwa. Kwenye Talmud, ule mkusanyiko mkubwa wa mijadala ya marabi wa kale, kitabu cha Sanhedrin ukurasa wa 44, kuna sentensi inasema Israeli hata akitenda dhambi bado ni Israeli, na Rashi, yule mfafanuzi mkubwa wa Ufaransa wa karne ya 11, akaichukua hiyo sentensi akaitumia kwa Wayahudi waliobatizwa, ambao zama zile wengi walibatizwa kwa upanga. Ni kama ukoo tu, mtoto akihama akabadili jina akakataa hata kuja misibani, siku wazee wakikaa kuhesabu watoto wa marehemu lazima watamtaja na yeye, hawana namna ya kumfuta. Na usidhani hii ni huruma tupu, maana ina upande wake mgumu pia, kwa mfano mwanaume Myahudi aliyehamia dini nyingine ndoa yake ya Kiyahudi haivunjiki yenyewe, mkewe bado anahitaji talaka rasmi kutoka kwake. Huwezi kuhama ukaacha wajibu nyuma.

Kwa hiyo anaporudi hafanyiwi uongofu, hakuna cha kumuongoa. Moses Isserles wa Kraków, mwanasheria wa karne ya 16 ambaye Wayahudi wa Ulaya Mashariki wanafuata maandishi yake mpaka leo, aliandika kwamba kwa sheria ya msingi mtu kama huyo hahitaji hata kuzama kwenye mikve, lile birika la utakaso, ni marabi tu waliotaka azame na aahidi mbele ya watu watatu kwamba atashika sheria kama Wayahudi wenzake. Na kabla yake, karibu mwaka 1000, rabi Gershom wa Mainz, Ujerumani, alishapiga marufuku kumkumbusha aliyerudi mambo yake ya nyuma, yaani ni kosa kumwambia mtu "wewe si ulikuwa kanisani juzi". Hiyo kanuni naipenda sana, inaonyesha waliitunga watu waliokwisha kuona jinsi midomo ya waumini inavyoweza kumfukuza mtu mara ya pili.

Ila pana mahali pazito. Kusujudia sanamu, kwa Wayahudi, ni mojawapo ya mambo matatu ambayo mtu anatakiwa akubali kuuawa kuliko kuyafanya, mengine mawili ni kuua na uzinzi wa aina zile zilizoharamishwa kabisa. Sio jambo la kupuuza hata kwa vitu vidogo. Mwaka 2004 iligundulika kwamba nywele nyingi za mawigi yanayovaliwa na wanawake wa Kiothodoksi (Wayahudi wanaoshika sheria za jadi kwa ukali) zilitoka hekalu la Tirupati kule India, ambako mahujaji wananyoa kama sadaka, na marabi wakubwa walipotoa uamuzi watu walichoma mawigi yao barabarani Brooklyn, mawigi ya pesa nyingi. Sasa fikiria aliyekaa miaka kumi kwenye hekalu la Kitibeti akisujudu kila asubuhi mbele ya sanamu ya dhahabu. Wengi wao wanasema hawakuwa wanaabudu ile sanamu, walikuwa wanaheshimu mafundisho, na walimu wao wa Budha wenyewe waliwaambia hivyo hivyo. Marabi hawakubaliani, wapo wanaokubali maelezo hayo na wapo wanaosema goti likishapigwa limepigwa. Mimi nawaamini wale watu kwa nia yao, lakini namuelewa pia rabi anayesema toba ya jambo hili isifanywe kwa haraka haraka.

Tukiacha rabi tukaenda serikalini mambo yanageuka kabisa. Israel ina Sheria ya Kurudi ya 1950 inayompa kila Myahudi haki ya kuhamia na kupata uraia. Mwaka 1962 ikaja kesi ya Oswald Rufeisen, na huyu jamaa maisha yake ni ya kipekee. Alizaliwa Myahudi Poland, wakati wa vita akajificha kwa kujifanya Mpolandi mwenye asili ya Kijerumani akawa mkalimani wa polisi kwenye mji wa Mir, na kwa nafasi hiyo akawatonya Wayahudi wa geto, ule mtaa waliofungiwa, siku wanayokuja kuuawa, mamia wakakimbilia msituni. Alipogundulika alitoroka, masista wakamficha kwenye nyumba yao ya utawa, humo ndani akabatizwa, baadaye akawa mtawa wa Kikarmeli, Padri Daniel. Alipofika Israel akadai uraia kama Myahudi: mama yangu Myahudi, halakha yenyewe inanihesabu, dini yangu ni Katoliki lakini taifa langu ni hili. Mahakama Kuu ikamkatalia, majaji wanne dhidi ya mmoja. Walikiri kwamba kwa sheria ya marabi yule ni Myahudi, ila wakasema ile sheria ya bunge inatumia neno kwa maana ya mtu wa kawaida mtaani, na mtu wa kawaida hawezi kumuita padri Myahudi. Mwaka 1970 bunge likaliandika wazi, Myahudi ni aliyezaliwa na mama Myahudi au aliyeongoka, na ambaye si mfuasi wa dini nyingine. Rufeisen aliishia kupata uraia kwa njia ya kawaida ya kuomba, akaishi Haifa mpaka alipofariki 1998.

Kwa hiyo serikali ya watu wasio wa dini sana ikawa kali kuliko marabi. Na bado Ubudha unaleta utata zaidi, maana kuna watu wengi wanauchukua kama mazoezi ya akili, hawajabatizwa popote, hawajaandikishwa popote, sasa huyu ni mfuasi wa dini nyingine au ni mtu anayekaa kimya dakika 40 asubuhi?

Kuna fundo lingine ambalo nadhani linaumiza watu kuliko yote. Mtu baba yake Myahudi, mama yake sio. Amekulia anawasha mishumaa ya Hanuka, jina lake Cohen, shuleni alitukanwa Uyahudi, akaenda India akazunguka, akachoka, akaamua narudi nyumbani. Marabi wa Reform Marekani, tawi la kisasa la Uyahudi, ambao tangu 1983 wanakubali ukoo wa upande wa baba kama mtoto amelelewa kama Myahudi, watampokea kama aliyerudi. Waothodoksi na Conservative, tawi la katikati, watamwambia kwa upole kwamba yeye harudi, yeye anaingia, kwa hiyo asome, aende mbele ya jopo, azame, na kama ni mwanaume kuna suala la tohara. Safari ile ile, machozi yale yale, ila mlango mmoja umeandikwa karibu tena na mwingine umeandikwa mgeni.

Majirani zetu Uganda wanaujua huu mlango. Semei Kakungulu, yule jemadari wa Baganda, alianza Mprotestanti, akapita kwenye dhehebu la Bamalaki waliokataa dawa za hospitali, kisha kwa kusoma Biblia mwenyewe akafika kwenye Torati, akatahiriwa 1919 na ndo ukawa mwanzo wa Abayudaya wa huko Mbale. Idi Amin alipopiga marufuku dini yao wengi walienda Uislamu na Ukristo, mpaka anaangushwa 1979 walibaki mia chache tu, baadaye vijana wakaanza kujenga upya na baadhi ya familia zikarudi. Mwaka 2002 marabi wa Conservative walikuja kuwafanyia uongofu rasmi watu karibu 400, na wapo waliokubali kuzama kwa moyo mmoja huku wakisema wazi kwamba hii ni kuthibitisha tu, sisi tulikuwa Wayahudi tangu babu. Waliofukuzwa na serikali na yule Mmarekani aliyeondoka na begi mgongoni kutafuta ukweli sio sawa, na tusiwafananishe. Ila swali wanaloulizwa mlangoni ni hilo hilo moja.

Tukifika kwenye moyo, mtu ninayerudi kwake kila mara ni mwanafalsafa Franz Rosenzweig. Alizaliwa 1886 Kassel, Ujerumani, familia yenye uwezo, Uyahudi wao umebaki jina. Binamu zake walishabatizwa. Usiku wa tarehe 7 Julai 1913 kule Leipzig alibishana mpaka usiku wa manane na rafiki yake Eugen Rosenstock, ambaye naye alizaliwa Myahudi akawa Mprotestanti aliyeamini kweli kweli, na Rosenzweig akashindwa kumjibu. Sio kwamba alizidiwa hoja za kielimu, aliona mwenzie anajua kupiga magoti na yeye hana mahali pa kupigia. Akaamua kubatizwa, ila akaweka sharti moja: ataingia Ukristo kama Myahudi, kwa kupitia mlango wa Uyahudi wenyewe, kama walivyoingia mitume, sio kama mpagani. Kwa hiyo akashika zile siku kuu za mwezi wa Tishri kwa mara ya mwisho. Inasimuliwa kwamba Yom Kippur, siku ya toba, ya Oktoba ile alikaa kwenye sinagogi dogo la Kiothodoksi Berlin, la watu wa kawaida tu, siku nzima ya kufunga. Kuna wasomi siku hizi wanabishana kama ni siku ile moja ndo ilimgeuza au ni wiki nyingi za kufikiri, ila barua yake ya tarehe 31 Oktoba kwa binamu yake Rudolf Ehrenberg ipo, anasema amebadili uamuzi, ubatizo hauhitajiki tena kwake na wala hauwezekani, anabaki Myahudi.

Na hoja aliyoitoa kwenye barua ile kila Mkristo wa huku ataielewa mara moja. Yohana 14:6, mtu haji kwa Baba ila kwa njia ya mimi. Rosenzweig anasema sawa, nakubali, hakuna anayefika kwa Baba bila njia hiyo. Lakini vipi yule asiyehitaji kufika kwa Baba kwa sababu tayari yuko kwake? Hakuukanusha Ukristo ili arudi. Aliupa heshima yake na bado akabaki. Hapa ndipo ninapoona siri ya jambo lote hili, kwamba kurudi huku hakusimami juu ya kugundua kuwa wengine ni waongo. Ameona tu kwamba pale alipokuwa amesimama palikuwa mahali, na yeye alidhani ni uwanja mtupu.

Mwaka 1920 alianzisha nyumba ya masomo Frankfurt kwa watu wazima wa aina yake, na kwenye hotuba ya ufunguzi akasema elimu sasa inageuka upande: zamani ulitoka kwenye Torati kwenda duniani, sasa tunatoka duniani kurudi kwenye Torati, na hakuna kitu cha kutupa, kila ulichookota huko nje unakuja nacho na kutafuta mahali pake humu ndani. Alipoulizwa kama anavaa tefilini asubuhi, vile visanduku vya maandiko vinavyofungwa mkononi na kichwani wakati wa sala, inasimuliwa alijibu "bado". Haikuwa hapana. Miaka michache baadaye alipooza mwili wote kwa ugonjwa wa neva, akaendelea kuandika na kutafsiri Biblia na mwanafalsafa mwenzake Martin Buber kwa kuashiria herufi huku mkewe Edith akibahatisha maneno, hadi alipofariki 1929.

Hilo la kuja na ulichookota lilijirudia California. Alan Lew alifanya Zen karibu miaka 10, kwa bidii kweli, mpaka akafikia kushona lile vazi dogo la kifuani ambalo mwanafunzi hulishona mwenyewe kabla ya kuingizwa rasmi, kila pigo la sindano na maneno ya kujikabidhi kwa Budha. Mkono ukagoma. Na kwa sababu Zen ndo ilikuwa imemfundisha kuangalia kinachotokea ndani bila kukimbia, akaangalia, akakuta kinachozuia ni Uyahudi wake. Yaani Zen ndiyo iliyomuonyesha njia ya kurudi. Akasomea urabi, akaongoza sinagogi la Beth Sholom San Francisco, na pamoja na rafiki yake wa zamani Norman Fischer, Myahudi aliyebaki kuwa kasisi wa Zen, wakaanzisha mahali pa kukaa kimya kabla ya sala za asubuhi. Lew alifariki 2009.

Wapo wanaosema huko ni kuchanganya mchele na kunde, kwamba umevalisha Ubudha kofia ya Kiyahudi. Sikubaliani nao. Talmud inasema wachamungu wa zamani walikuwa wanakaa saa nzima kabla ya kusali ili kuelekeza moyo, rabi wa kihasidi Nachman wa Breslov alifundisha watu kwenda porini peke yao kuongea na Mungu, kabala, elimu ya siri ya Kiyahudi, ina mazoezi yake ya herufi na pumzi. Hivyo vitu vilikuwepo, walimu ndo waliuawa. Kukaa kimya hakuna mwenyewe. Ninachokubaliana nao ni kwamba sanamu na maneno ya kujikabidhi kwa mwingine ni habari tofauti, na Lew mwenyewe sindano ilimgomea hapo hapo.

Hata Mabudha waliliona hili. Oktoba 1990 Dalai Lama, ambaye yuko uhamishoni tangu 1959, aliwaita marabi na wasomi wa Kiyahudi Dharamsala, India, awaulize mlikaaje karne zote hizo bila nchi na msipotee. Alitegemea falsafa labda. Wakamwambia habari za nyumba, Blu Greenberg akamuelezea mishumaa ya Ijumaa, meza, watoto kubarikiwa, chakula cha Pasaka ya Kiyahudi ambapo mtoto mdogo kuliko wote ndo anauliza maswali. Na ndani ya mji ule ule walikuwepo Wayahudi waliovaa kanzu za kitawa za Kitibeti wakisikiliza.

Kwa hiyo anayerudi, akifika, hapewi kwanza orodha ya kuamini. Anapewa Ijumaa jioni. Kwa wengine inaanzia huko huko barabarani, kama vijana wa Israel wanaozunguka Nepal na kujikuta kwenye ile Pasaka ya Kathmandu inayoandaliwa na Chabad, kundi la kihasidi, tangu 1989, watu zaidi ya elfu wamekaa pamoja, wengi wao nyumbani walikuwa hawaendi kabisa. Anajifunza kuzima simu masaa 25 ya Sabato, anajifunza baraka ya mkate, alfabeti, anaenda pole pole. Mtihani mkubwa unakuja jikoni kwa mama yake. Wazazi ambao hawakushika kosher, sheria za chakula, maisha yao yote, mtoto alipokuwa kwenye hekalu la Budha alikuwa anakuja likizo anakula nao wali na maharage bila shida, sasa amekuwa Myahudi kamili na hagusi sahani zao. Hapo ndipo kuna mama wameumia kweli, wanaona walimpata mtoto na kumpoteza siku hiyo hiyo. Marabi wenye uzoefu wanajua hili, na wakimpokea mtu mpya wanamuuliza mapema kabisa wazazi wako wako hai? Halafu wanamfundisha jinsi ya kula kwao: sufuria moja mpya anunue yeye, sahani za karatasi, matunda, saladi iliyokatwa kwa kisu kipya, samaki afungwe kwenye foili mara mbili ndipo aingie oveni ya mama, na akae mezani mpaka mwisho.